Mshushaji na Fundo la Ndama

Wapo watu hapa Songambele ambao mpaka leo ukimtaja Mshushaji wanakunja uso. Wanasema aliwaharibia kazi. Wanasema alimvua nguo mkwe wake mbele za watu. Wengine wanasema mimi ndiye niliyempa kichwa, kwa sababu nilikuwa nampelekea chakula. Sawa. Nilimpelekea, tena ndizi za kueleweka, na maharage mapya, na anayeona vibaya aje nimpikie na yeye tuone kama kichwa kinakua.

Jina lake siandiki. Wanaomjua wanamjua. Sote tulimwita Mshushaji kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, kufundisha watu kushuka kwenye mashimo ya bati na kupanda tena wakiwa wazima.

Asiyeyajua mashimo yetu nimweleze. Huku Kyerwa, pembeni ya migomba na kahawa, ardhini kuna madini ya bati, na vijana wanayafuata kwa kamba. Shimo juu lina upana wa mlango. Ukifika chini linageuka kuwa njia ya kutambaa kwa tumbo. Masika yakija, maji yanajaa kwenye mashimo ya zamani yaliyoachwa, na siku yakitoboa ukuta yanaingia kwenye shimo la jirani bila hodi. Sasa kijana akiwa chini anaifungua kamba kiunoni ili afanye kazi. Akitaka kupanda anajifunga tena mwenyewe, anaitikisa, na walio juu wanamvuta. Kwa hiyo uhai wake uko kwenye fundo analolifunga peke yake, gizani, mahali ambapo hakuna wa kumwona amekosea. Ukishaelewa hapo, umeelewa kila kitu nitakachosema.

Alikuwa mtu mfupi, bega moja chini kuliko lingine, masikio makubwa. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema na wewe kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, ndiyo maana aliniita shemeji, na mimi nilimwita lolote lililonijia mdomoni.

Nyumba yake haikufungwa mlango. Usiku wa mvua, usiku wa baridi, mlango wazi, mpaka mbuzi wakazoea kulala kitandani kwake upande wa miguu. Kanisani alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, na mchungaji akirefusha mahubiri yeye alitoka kusimama nje, akasikiliza kupitia dirishani. Nilimuuliza kuna nini. Akasema, "Shemeji, nimekaa mno mahali ambapo ukigeuka unapiga kichwa. Juu ya ardhi naomba nafasi."

Na mtu huyohuyo, aliyeshuka mpaka sauti yake ikapotea, aliogopa kupanda mti. Uani kwake kulikuwa na mparachichi unaozaa mpaka matawi yanainama, na matunda yaliiva, yakaanguka, yakaoza, yeye akiyaangalia. Nilimcheka sana.

"Wewe unaingia tumboni mwa dunia, parachichi linakushinda?"

"Chini najua nitafika," alisema. "Huko juu sijui panaishia wapi."

Alikuwa mwongo pia. Nasema ukweli, simpaki mafuta. Alikuwa na ng'ombe mmoja mkavu kama ubao, lakini ukimuuliza habari ya maziwa atakwambia ndoo jana zilikosekana. Alidai anajua kutengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, kuliko mtu yeyote wa kata hii, na siku aliyotengeneza tulikunywa tukaumwa matumbo ukoo mzima. Senene wakianguka kidogo, yeye atakwambia ameokota gunia. Lakini ukimuuliza habari ya shimo, yule mwongo aliondoka akabaki mtu mwingine. "Kijana wangu amepata?" mzazi angeuliza, yaani kama ameijua kazi. "Hajapata." Hata kama mzazi huyo amemletea kuku. Alimchukua kuku, akasema hajapata.

Sifa hakutoa. Niliwahi kumpelekea senene niliowakaanga mwenyewe, wakakauka vizuri, akala bakuli zima huku akiangalia barabara. Mwisho akasema, "Chumvi ipo." Nilirudi nyumbani nikifurahi, maana kwake hiyo ilikuwa barua ya pongezi.

Nimesema alifundisha kushuka. Namna alivyofundisha ndiyo iliyowagawa watu.

Kwanza alikuja nyumbani. Kabla hajamgusa mtoto wako alikuja kibanjani kwako, akakaa, akatoa kahawa ya kutafuna mfukoni mwake mwenyewe. Kahawa huku mwenyeji ndiye anayempa mgeni, kila mtu anajua, lakini yeye alikuja na yake. Alichukua tunda moja lenye punje mbili, akalipasua kwa jino, punje moja akampa mama wa kijana, nyingine akatafuna yeye. Wazee wetu walifanya hivyo watu wawili wakitaka kuwa ndugu. Halafu anasema: "Mimi ndiye nitakayemfundisha. Akiumia kwa nilichomfundisha, au kwa nilichoacha kumfundisha, usiende kwa mwenye shimo, usiende kwa Mungu. Njoo kwangu." Kina mama wengine walikataa kuitafuna. Waliona ni uchuro. Mtoto wa mama aliyekataa hakufundishwa.

Na hakuwa anatania. Kijana mmoja aliyemfundisha yeye mwenyewe alivunjika mguu, jiwe lilimwangukia mahali alipopaswa kupagonga kwanza asikilize. Mshushaji alisema, "Sikumgongesha mawe ya kutosha." Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye kibanja cha yule kijana na jembe. Alipalilia, akatandaza nyasi kwenye migomba, akachuma kahawa yao yote, mpaka mguu ukapona na mwenyewe akasimama. Watu walipita njiani wakimdhihaki. "Mwalimu umepata uhamisho?" Aliwaitikia shikamoo zao, akaendelea. Mke wa yule kijana aliniambia alipalilia vibaya sana, alikata na miche miwili ya kahawa. Lakini alikuja kila siku.

Halafu kuna hili la matusi, ambalo najivunia.

Mwanafunzi wake akishajua fundo la kujifungia, analifunga vizuri, anajiona amemaliza, Mshushaji alimleta kwangu. Uani kwangu. Alimfunga macho kwa kanga yangu, akammwagia ndoo ya maji ya baridi kichwani, akampa kamba iliyolowa, akaniambia, "Shemeji, kazi kwako." Na kazi yangu ilikuwa kumtukana.

Msinifikirie vibaya. Matusi ya nguoni sikutumia, mimi ni Mkristo. Lakini mtu nikimjua mama yake na baba yake, nakosa la kusema?

"Ona miguu hiyo, kama mipini iliyokataliwa na seremala. Hivi mama yako alipokuzaa alikuwa amechoka au ndiyo uwezo wake wote? Funga, unangoja nini? Mchumba wako nilimwona Jumapili amevaa koti la kiume, na wewe koti lako umevaa leo."

Mmoja alicheka mpaka kamba ikamtoka mkononi. Mshushaji akamwambia aende nyumbani, arudi wiki nyingine. Mwingine alivua kanga machoni akataka kunipiga. Mshushaji alisimama katikati yetu na bega lake lile la chini, akamuuliza polepole, "Maji yakikutukana, utayapiga?" Yule kijana akakaa chini, akaanza kulia. Leo ni fundi mzuri, ana watoto, akipita hapa ananiita bibi mwenye mdomo, ananiachia sukari.

Wengi walifunga vizuri mara ya kwanza na kukosea mara ya nne. Mshushaji alitaka mpaka mikono ifunge yenyewe huku kichwa kina hasira. Alisema chini kule kichwa hakisaidii. Mtu akishtuka, mikono inarudi kufanya ilichozoea tangu utotoni, hata kama amefundishwa kingine juzi. "Kwa hiyo namfundisha mikono," alisema. "Yeye mwenyewe anakuja kama msindikizaji."

Binti yake wa pekee aliolewa na kijana mwerevu, aliyemaliza kidato cha nne, mwenye kauli nzuri. Huyo mkwe akataka kujifunza kazi. Alijifunza haraka ajabu. Fundo alilifunga siku ya kwanza kana kwamba alizaliwa nalo. Ikafika zamu ya kuletwa uani kwangu, nami nimekwisha kujipanga, maana mtu mwenye kujipenda namna ile ana mengi ya kuambiwa. Mshushaji akaja peke yake.

"Huyu mwache, shemeji."

"Kwa nini?"

"Ni mkwe. Nimfunge macho mume wa binti yangu, nimmwagie maji, nikae nasikiliza anatukaniwa mama yake? Nitamtazama vipi?"

Huku kwetu mtu na mkwe wake wanapeana kikombe kwa mikono miwili. Hawataniani, hawaonani uchi, hawatamkiani neno chafu. Nilimwelewa, nikarudi kumenya ndizi. Mkwe akapita bila kupita kwangu. Kifua cha Mshushaji kilipoanza kubana, kwa lile vumbi alilolivuta miaka yote, mkwe ndiye aliyeshika kazi ya kufundisha.

Alifundisha kisasa. Alikuwa na kofia ngumu za njano na picha za kubandika ubaoni. Kwake hapakuwa na kahawa wala matusi wala kwenda kwa mama wa mtu. Mlikaa darasani, mkaonyeshwa fundo, kila mmoja akalifunga mchana kweupe huku akiliangalia, akapewa cheti kilichotiwa plastiki. Kilichomchukua Mshushaji msimu mzima, mkwe alikimaliza kabla ndizi hazijaiva kwenye stoo. Mwenye shimo alifurahi. Vijana walifurahi. Mimi nilifurahi pia, maana mjukuu wangu wa kwanza alikuwa kwenye kundi hilo, na cheti chake nilikibandika ukutani mwenyewe, pembeni ya kalenda ya kanisa.

Kwenye kundi hilohilo alikuwepo kijana mmoja kutoka Bweranyange, wa familia ya wafugaji. Mpole, mrefu, mwenye kuinama akisalimia. Yeye alitangulia kushuka, mjukuu wangu ashuke Jumatatu inayofuata.

Maji yalitoboa ukuta. Taa ikazimika. Walio juu waliona kamba inatikiswa, wakajua amejifunga, wakavuta kwa nguvu zao zote. Kamba ikaja nyepesi. Ilikuja mpaka mwisho, nzima, haijakatika, haina mtu.

Tulikwenda matangani Bweranyange. Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi, wanawake tumekaa chini, wanaume wako nje kwenye mabenchi. Mwenye shimo alisimama, akasema maneno mazuri. Kijana alikuwa hodari. Kamba ilikuwa mpya. Ni ajali ya kazi, na ya Mungu hatuyahoji. Watu wakaguna kwa kukubali, maana msibani unakubali kila kitu.

Mshushaji akaingia ndani akiwa na mfuko wa salfeti. Akapiga magoti mbele ya mama wa marehemu.

"Pole, mama. Mimi nina swali baya."

"Uliza, baba."

"Hapa kwenu, wakati wa kukamua, ndama anafungwaje?"

Nilidhani kifua kimempanda kichwani. Akatoa kamba kwenye mfuko. Yule mama hakuuliza sababu. Alishika kamba, akaizungusha kwenye mguu wa kigoda, akafunga kwa mkono mmoja bila kuangalia, kama wewe unavyofunga kanga.

"Na ukimaliza kukamua?"

Akavuta ncha. Fundo lote likafunguka, kamba ikaanguka kwenye nyasi.

Ndivyo ndama anavyofungwa. Lazima afunguke upesi, ng'ombe akirusha teke. Yule mama aliiangalia kamba pale chini, na alielewa kabla yetu sote.

"Mimi ndiye niliyemfundisha hili," alisema. "Alikuwa bado ana meno ya utoto."

"Wewe ulimfundisha kukamua, mama," Mshushaji alisema. "Kushuka alifundishwa na mtu mwingine. Huyo ndiye aliyetakiwa kuuondoa huu mkono, auweke mwingine."

Tukageuka sote. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Fundo la kazi nilimwonyesha," alisema. "Alilifunga mbele yangu na mbele ya wenzake wote."

"Mchana?"

"Mchana, ndiyo."

"Akiwa anaona?"

"Baba, tusifanye hivi msibani."

"Akiwa anaona?"

"Anaona."

"Na nani alikuwa anamtukana?"

Watu wakaangaliana. Mkwe akapandisha sauti. "Hayo mambo yenu ya kutukanana mimi sikufundishwa. Muulizeni yeye kama alinifundisha."

Mshushaji alikuwa bado amepiga magoti. Binti yake alikuwa kati yetu wanawake, na nilimwona anavyomtazama baba yake, anamwomba kwa macho anyamaze, watu waitikie amina, twende zetu.

"Kweli, hakufundishwa," Mshushaji alisema. "Nilimfundisha mimi, nikamwonea haya kwa kuwa ni mkwe, nikamruka. Nilichokiruka kwake ndicho alichokiruka kwa mtoto wa huyu mama. Kwa hiyo mkianza kuuliza, anzeni na mimi. Halafu muulizeni yeye. Msiniulize mimi mkamwacha."

Binti yake akainuka akatoka nje.

Mkutano wa kijiji ulikaa wiki ileile. Mwenyekiti alitaka yaishe kwa kupeana mikono. Mwenye shimo alisema shimo haliwezi kusimama kwa sababu ya wazee wenye wivu na vijana, kwamba vyeti vimetolewa, na mwenye cheti ni fundi. Mkwe alisema marehemu alifanya kosa kwa mikono yake mwenyewe, na mwalimu hawezi kushuka na kila mwanafunzi. Watu wakapiga makofi. Nilisikia makofi yale nikaona moto.

Nikasimama. Nikamwita mjukuu wangu aje mbele. Kijana mkubwa, ana ndevu, akaja ananong'ona, "Bibi, kaa chini, unaniaibisha."

"Nitakuaibisha vizuri," nikamwambia, nikavua kanga ya juu nikamfunga macho. Mshushaji akanipa kamba. Ndoo ya maji aliileta mke wa mwenyekiti, Mungu ambariki, bila kumuuliza mumewe.

Nilimtukana mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe. Nilimtukania hata mimi, kwamba amelelewa na kikongwe kisichojua kusoma saa. Watu walicheka, akafunga, akasema tayari. Mshushaji akashika kamba akavuta kidogo tu. Fundo likateleza mpaka magotini likaachia. Lilikuwa fundo la kufungia mgomba kwenye mti wa kuuegemeza, lile tunalofunga mkungu ukielemea. Nilimfundisha mwenyewe, shambani, akiwa mdogo.

"Huyu ndiye fundi wenu," niliwaambia. "Jumatatu mlikuwa mnamshusha. Nani angekuja kwangu kuniambia ni ajali ya kazi? Wewe mwenye makofi? Njoo basi na wewe ufunge."

Hakuna aliyecheka tena. Wenzake wa kundi walijaribu mmoja mmoja. Mmoja alifaulu. Wengine kila mmoja alifunga la kwao, mwingine la kuni, mwingine la mbuzi.

Mkutano ukasema, hakuna atakayeshuka mpaka afunge gizani mbele ya watu wa nyumbani kwake, na kila mwalimu awe tayari kusimama mbele ya familia aulizwe. Mkwe akazuiwa kufundisha. Wakataka kumwachia Mshushaji kazi, yeye akakataa. "Na mimi nizuieni," alisema. "Kosa lilianza kwangu." Wakamzuia. Wapo waliomwona mjinga kwa hilo, amejinyang'anya mwenyewe. Mimi sikumwona mjinga.

Sitasema mambo yalikwenda vizuri. Vijana wengine walikwenda kwenye mashimo ya mbali ambako hakuna anayeuliza. Mwenye shimo hanisalimii. Mjukuu wangu alininunia muda mrefu, akila anageukia ukuta. Aninunie. Mtu anayenuna anapumua. Cheti nilikibandua, nikakitumia kufunikia mtungi wa maji, plastiki yake ni nzuri.

Aliyeumia kuliko wote ni Mshushaji. Binti yake aliacha kuja. Wajukuu zake walipita njiani wakienda shule, wamekatazwa kuingia kwa babu. Aliwaangalia kutoka mlangoni, ule mlango ambao haufungwi. Hakulalamika kwangu hata mara moja. Aliniambia tu kwamba ng'ombe wake anatoa maziwa mengi, hana wa kuyanywa, na wote wawili tulijua ng'ombe huyo hana hata tone.

Nilimkuta hivyo siku ninayotaka kumalizia. Alikuwa amepungua, anakaa kitandani akiwa ameegemea ukuta, kila pumzi anaivuta kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda. Nilikuwa namlisha uji. Tukasikia pikipiki. Mkwe akaingia, binti nyuma yake, akabaki kizingitini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mkwe alikaa kwenye kiti, akashika kofia yake. Alikuwa amekonda na yeye. "Baba, nimejifunza. Nimemtafuta yule kijana uliyemfundisha wewe, aliyevunjika mguu, amenifunga macho, ametukana mpaka ukoo wenu. Nafunga sasa hata usingizini. Mwenyekiti anasema ukitamka neno moja tu kwamba nimefaa, mkutano unaniruhusu."

Binti akasema kutoka mlangoni, "Baba, sema tu. Sema nilete watoto."

Nilikiweka kijiko chini. Maneno hayo yangelainisha hata jiwe. Mzee alimwangalia binti yake, na mimi nilijua atasema. Mtu yeyote angesema.

"Mimi siwezi kukupitisha," alisema. "Nilikupitisha mara moja. Twende Bweranyange."

"Baba, wewe huwezi hata kufika chooni."

"Nifungeni kwenye pikipiki."

Tulimpakia hivyohivyo, mkwe mbele, mzee katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kiuno, na uzee wangu huu. Binti alikuja na bodaboda nyingine. Njia nzima tukipita watu wanasimama kutuangalia. Nilimwambia, "Wakituuliza tunakwenda kufunga ndoa." Alicheka, akakohoa mpaka ikabidi tusimame.

Yule mama tulimkuta zizini, anakaribia kukamua. Alituona, akaendelea kuosha chombo. Mkwe alipiga magoti kwenye samadi na suruali yake nzuri, akaanza. Akasema alikosea. Akasema hakumfundisha mtoto wake, alimwonyesha tu. Akasema samahani, akasema pole.

"Pole nimepewa nyumba nzima," yule mama alisema. "Sina pa kuziweka."

"Unataka nifanye nini, mama?"

Alifuta mikono kwenye kanga.

"Nifundishe mimi," alisema. "Fundo hilo. Mkono wa mwanangu ulikuwa huu hapa. Ukiweza kuuondoa huu, mimi mwenyewe nitakwenda kwenye mkutano wenu."

Wakaanza. Mkwe alimwonyesha, mama akafunga la ndama. Akamwonyesha tena, taratibu, akamshika vidole, mama akafunga nusu la kazi, nusu la ndama. Ng'ombe walikuwa wanalia wakitaka kukamuliwa. Nilikaa na Mshushaji ukingoni mwa zizi. Alikuwa ameinamisha uso kabisa, anaangalia samadi, mpaka nikaelewa kwamba hataki mkwe asome jibu usoni mwake.

Jua lilikuwa linashuka. Mama alikosea, wakafungua. Alikosea, wakafungua. Nilimwona mkwe anauma mdomo, nikajua sasa atapandisha sauti, hakupandisha. Alipiga magoti upya akaanza mwanzo.

Hatimaye mama akafunga. Tuliliona sote ni lenyewe. Mkwe alilivuta kwa nguvu, likashika. Akalivuta tena, likakaza zaidi.

"Amepata," binti alisema, na sauti yake ilikuwa karibu kulia. "Baba, umeona? Amepata."

Mshushaji hakuinua uso.

Mkwe aliliangalia lile fundo. Akamwangalia mke wake. Nadhani na yeye alijua nilichokiona mimi, kwamba yule mama alifunga huku ameinamia mikono yake, anaifuata kwa macho kidole kwa kidole. Angeweza kusema amepata. Hakuna ambaye angembishia, sote tulitaka kwenda nyumbani.

Akalifungua fundo polepole. Akaikunjua kamba, akamrudishia.

"Bado, mama," alisema. "Angalia ng'ombe wako, usiangalie mikono. Tuanze tena."

Yule mama akageuza uso kwa ng'ombe wake, akaipokea kamba.